Hoteli zimefunguka, ngoma bado. Nyinyi mlifufuaje vikundi vyenu baada ya korona?

Mama Kayamba (Ukunda)

Wadau, salaam. Nina swali, lakini halieleweki bila hadithi yake, kwa hivyo nivumilieni.

Naongoza kikundi cha ngoma hapa Ukunda. Nilianza mwenyewe kama mchezaji, msichana wa kuvaa hando la kuazima, ile sketi yetu ya marinda. Kabla ya korona tulikuwa watu 14: wachezaji wanane, wapigaji wanne, mmoja wa zumari, na kijana wa sarakasi tuliyemchukua kwa sababu wageni hawaridhiki mpaka waone mtu akipita chini ya fimbo ya moto. Wiki nzuri tulikuwa na hoteli tano. Saa mbili unusu usiku tunaingia, wageni wakimalizia matunda. Tunapiga ngoma za kwetu Wamijikenda, sengenya na mwanzele, na chakacha ya Waswahili kidogo, kisha tunawavuta wageni wacheze nasi, tunauza shanga mbili tatu, tunapanda matatu tukarudi. Hoteli ilitulipa shilingi 7,000 kwa onyesho, na chakula cha jikoni ya wafanyakazi.

Machi 2020 mnaijua. Tarehe 25 ndege za abiria kutoka nje zikasimama, tarehe 27 ikaanza kafyu ya saa moja jioni. Onyesho letu ni saa mbili unusu, basi tujadili nini? Aprili ikaingia na zuio la kutoka na kuingia Mombasa, Kilifi na Kwale. Wafanyakazi wa hoteli walipewa barua za likizo bila malipo. Sisi barua hatukupata, maana hatukuwa wafanyakazi wa mtu. Mkataba wetu ulikuwa kichwani mwa meneja wa burudani, naye alishajiendea kwao bara.

Mtu ataniuliza, na matanga je? Ndiyo, matanga ndiyo yaliyokuwa akiba yetu, mwanzele ni ngoma ya hapo tangu zamani. Lakini serikali ilisema mazishi watu 15. Toa wachimba kaburi, toa imamu au mchungaji, toa watoto wa marehemu, mpiga ngoma ataingia wapi? Na Rais alipotangaza zile milioni 100 za wasanii mwezi huohuo wa Aprili, sikuzifuata. Simu yangu ilikuwa ya kubonyeza, nami sikujua pa kuanzia.

Vyombo tulivifungia chumba cha nyuma kwa shangazi yangu. Nilidhani mwezi, miwili. Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021, siku ya Mashujaa, karibu miezi 19. Wiki mbili baadaye tukaenda kufungua.

Panya walikuwa wameanza kuitafuna ngozi ya msondo, ile ngoma yetu ndefu, ukingoni, wakizunguka, wakabakisha duara katikati kama sahani. Chapuo, ngoma ndogo, niliishika kwa mikono miwili nikijua uzito wake, ikainuka kama boksi tupu, unga ukanimwagikia miguuni. Mchwa walipanda kwa chini wakala gogo lote, wakaacha rangi ya nje. Mahando yalikuwa na ukungu wa kijani. Kilicholia siku hiyo ni kayamba moja, mbegu zake za turituri bado zimo. Mzee wetu wa msondo aliichukua, akaitikisa mara moja, akairudisha chini taratibu kama mtu anayemlaza mtoto. Hakusema kitu. Mimi ndiye niliyelia, shangazi akadhani ni kwa ajili ya panya.

Gogo hununuliwa, ngozi huwambwa upya. Kinachoniuma ni hiki. Mzee alikuwa na kijana anayekaa kushoto kwake, anafuata mkono wake. Sengenya haina maandishi. Mzee anapotaka kukata ngoma ili wachezaji wabadilishe hatua, kuna pigo moja analolitanguliza, jepesi, la pembeni ya ngozi. Sisi wachezaji tunalijua kwa miguu. Kijana alikuwa amebakisha hilo tu. Katika miezi 19 alikopa pikipiki, akaoa, sasa ana deni la kila jioni. Simlaumu. Boda inalipa leo.

Sasa hoteli zimejaa. Nikaenda kwa moja tuliyoichezea miaka mingi, sitaitaja. Nikiwa bado getini nasikia ngoma. Nikajua mkono. Ni Mzee! Walitupiga video zamani, sauti wameitia kwenye flashi, inalia kwenye spika, na wahudumu wawili wa baa wamefungwa leso wanacheza mbele ya wageni. Ngoma yetu ilikuwa kazini, sisi tuko getini tunaandikwa kwenye daftari la wageni.

Meneja mpya, kijana mstaarabu tu, akanipa ofa: 3,500, watu watano, nusu saa.

Swali langu: nikate kikundi kiwe cha watu watano? Nyinyi mliorudi, mlirudije?

Mnenguaji Mstaafu (Dar)

Pole sana dada. Hapo kwenye spika nimecheka halafu nikanuna.

Watu wanadhani huku Bongo hatukuguswa kwa sababu hatukuwa na kafyu. Machi 17, 2020 Waziri Mkuu alifunga shule na kuzuia mikusanyiko, matamasha ya muziki yakiwemo. Kufikia Juni michezo ikarudi na baa zinapiga kama kawaida. Lakini nikwambie kilichotokea kwenye dansi. Bendi yangu ilikuwa na wanenguaji sita. Wakati watu wanaogopa kukaa karibu na mapato ya mlangoni yameshuka, mwenye bendi akapanda na wawili, "kwa muda tu". Ukumbi ukajaa tena, wawili wakabaki wawili. Alishagundua kuwa mteja hadai pesa yake kwa sababu ya wanenguaji wanne waliopungua.

Kwa hiyo ushauri wangu: usikate watu, kata dakika. Ukienda na watano mara moja, hiyo ndiyo namba yako milele. Mwambie kwa 3,500 anapata watu wote kwa dakika 15, wanaingia kwa kishindo wanatoka. Akitaka zaidi aongeze. Mgeni akiona umati unaondoka mapema atamuuliza yeye, sio wewe.

La pili, acha kuitegemea hoteli. Mimi sasa hivi nafundisha maharusi kuingia ukumbini, sendoff na kitchen party. Bibi harusi na wapambe wake nawapa mazoezi ya wiki tatu. Kamati ya harusi inagombana yenyewe kwa yenyewe, lakini nusu inalipa mbele. Hoteli inakulipa baada ya siku 30, ukiwa na bahati.

Mpita Njia

Korona imepita miaka sasa. Msiisingizie kila kitu. Hata 2019 wageni walikuwa wanaangalia simu zao nyinyi mkicheza.

Mama Kayamba

@Mpita Njia, kweli walikuwa wanaangalia simu. Walikuwa wanatupiga video. Ndiyo hiyo inayolia kwenye spika sasa.

Mwalimu wa Gonda (Kaloleni)

Shikamoo mama. Mimi nafundisha ngoma za asili kwa ajili ya mashindano ya shule, nimefika taifa mara mbili. Kwanza niseme lililonikera: chakacha kuchanganywa na mwanzele katika onyesho moja la hoteli ni sawa na kutia sukari kwenye mchuzi wa papa. Samahani lakini lazima niseme.

Sasa lako. Sisi tulifungwa vibaya zaidi, maana shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa zote mpaka Januari 2021, na mashindano ya 2020 hayakufanyika. Nilikuwa na wasichana wa kidato cha tatu waliokuwa wakicheza gonda, ngoma ya Wagiriama, kama walizaliwa nayo. Mashindano yaliporudi walishamaliza shule. Mwanafunzi alikuwa na miaka minne tu ya sekondari, ukimpotezea mmoja na nusu umepoteza yule ambaye angewafundisha wadogo zake bwenini. Mimi mwalimu nafundisha hatua. Maringo ya shingo wanafundishana wenyewe usiku.

Nilichofanya ni kuwatafuta wale waliomaliza. Mmoja alikuwa anauza mitumba Mariakani, mmoja yuko nyumbani na mtoto. Nikaiomba shule iwalipe nauli na kitu kidogo waje Jumamosi nane. Ilikubali kwa sababu kuna bajeti ya mashindano muhula huo, na mwalimu mkuu anapenda kombe kuliko anavyoonyesha. Wewe mama una mzee wa msondo! Kuna shule ngapi Kwale zinazotafuta mkufunzi wa sengenya kila mwaka na kuishia kupiga ndoo? Mpeleke. Huko atalipwa, na badala ya kijana mmoja kushoto kwake atakuwa na kumi.

Na lile pigo la pembeni lirekodini sasa hivi, leo, kwa simu. Siyo kwa ajili ya hoteli. Mwekeni mzee apige polepole, mkono uonekane.

Mtu wa Ng'ambo (Zanzibar)

Huku kwetu ilikuwa kinyume na kwenu. Mwaka 2021 nyinyi mna kafyu, sisi mahoteli ya Nungwi na Kiwengwa yamejaa Warusi na Waukraine. Tamasha la muziki la Sauti za Busara Februari 2021 lilifanyika, siku mbili badala ya nne, pale pale Ngome Kongwe, na nilipiga siku ya pili. Watu walikuwa wakituambia tuna bahati. Kweli tulikula. Lakini tulizoea mgeni wa aina moja, na Februari 2022 vita vilipoanza, Waukraine wakakwama hapa hapa, kadi zao hazitoi pesa. Hoteli niliyokuwa nikipiga ikakata burudani wiki ileile. Bahati ile nayo ilikuwa na siku zake.

Ila nimekuja kwa ajili ya flashi. Dada, usiliache hivi hivi. Kenya mna sheria ya hakimiliki inayomlinda hata mchezaji na mpigaji, siyo mtunzi peke yake. Kurekodiwa onyesho lako na kutumiwa kibiashara kunataka idhini yako. Tena mna sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi. Nenda KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya, ukaulize. Usianze kwa ugomvi. Andika barua ya heshima, ukurasa mmoja: siku mliyorekodiwa, nani anapiga, mnadai nini kwa kila usiku inapochezwa. Meneja akishaona kuwa flashi nayo ina bei, huenda akaona bora awaite wenyewe.

Na kwa jina la Mungu, kuanzia sasa mwandikiane. Hata karatasi ya daftari yenye sahihi mbili.

Mama Kayamba

Asanteni nyote. Nimekaa siku nne kabla ya kujibu kwa sababu nilitaka nije na la kusema.

Mwalimu, marahaba. Chakacha nimekusikia, na Mzee amefurahi mno nilipomsomea, amesema amenung'unika peke yake miaka kumi. Basi chakacha imetoka. Tutaona wageni watasemaje.

Barua nimeiandika, binti yangu ameichapa. Nimedai 1,000 kwa kila usiku. Binti anasema ni ndogo. Nimemwambia ngoja kwanza wajue kuwa kuna kudaiwa.

Lile la dakika nilimpelekea meneja kama alivyonifundisha Mnenguaji: watu 11, dakika 15, 3,500. Watatu hawarudi, mmoja yuko Qatar, wawili wameokoka na hawataki tena ngoma. Meneja akauliza kwa nini nijitie hasara ya nauli ya watu sita zaidi. Nikamjibu sengenya ya watu watano ni mazoezi. Akacheka, akasema atafikiri. Bado anafikiri.

Kijana wa boda nilimfuata stendi. Sikumwambia arudi. Nilimuuliza Jumapili asubuhi huwa anapata wateja wangapi kabla ya saa nne. Akasema wawili, mara nyingine hakuna. Nikamwambia Mzee yuko kwangu Jumapili kabla ya saa nne. Hakuitika, akawasha pikipiki.

Ngozi ya msondo nimenunua Kombani, ya ng'ombe, nzito, nimeiloweka na nyumba nzima inanuka, majirani wameanza kuuliza. Gogo amelichonga fundi wa Tiwi kwa mkopo. Tunawamba Jumapili hii. Mzee ameagiza makuti makavu ya kuipashia moto ikishakauka, amekataa kabisa mkaa, anasema mkaa unaikausha ngozi kwa hasira.

Mwalimu, ile barua ya kuomba kufundisha shuleni, niiandike kwa mwalimu mkuu au kwa mwalimu wa muziki? Na nitaje pesa humo, au nisubiri niulizwe?