Watembeza watalii wa Malindi, acheni kuwamulika kasa usiku!

Wanamalindi wenzangu, na nyinyi wa Watamu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Kuna watu hapa mjini wanawauzia wasafiri wa mabegi mgongoni, wale wanaolala hosteli, "safari ya kasa usiku". Pesa inatangulia kwa M-Pesa, halafu mnapelekwa ufuoni na matochi meupe makali na kuachiwa mfanye mtakalo. Wiki iliyopita nilikuwamo, kwa hiyo sisimulii la kuambiwa.

Nilikuwa na wageni, rafiki zangu tuliojuana safarini. Tulikuwa pamoja Singapore, na usiku mmoja tukaenda Night Safari kule Mandai, bustani ya wanyama inayofunguliwa usiku tu. Ilianza 1994, ya kwanza duniani ya aina hiyo, ina hekta 35. Taa zake ni hafifu, zimepangwa zifanane na mbalamwezi, ili fisi na tapiri waendelee na shughuli zao kama hakuna mtu. Flashi ni marufuku. Mwenzetu mmoja alisahau kuizima kwenye simu yake, na kabla mfanyakazi hajafika abiria wa kiti cha nyuma kwenye kigari tulichopanda walikuwa wameshamkanya. Tulitoka na picha chache za giza na hakuna aliyenung'unika, maana tuliwaona wanyama wenyewe kwa macho yetu.

Hao ndio wageni niliowaleta kwetu kwa fahari. Niliwaambia Singapore mliona wanyama ndani ya bustani, huku mtamwona kasa aliyetoka baharini kwa hiari yake.

Ufuo naacha kuutaja, nisiwaelekeze wengine. Tulikuwa kundi kubwa, wageni wangu na wengine waliookotwa hosteli mbalimbali. Kasa alitoka majini, mkubwa, anajikokota na kupumzika, anajikokota na kupumzika. Hajafika hata penye mchanga mkavu, yule bwana aliyetuongoza akamwashia tochi usoni na kuwaita watu: "Njooni, pigeni picha, pigeni!" Flashi zikaanza. Nikamwambia, "Kaka, zima hiyo tochi, huyu hajachimba bado." Akanijibu, "Wageni wamelipa waone." Kijana mmoja akapita mbele ya kasa kabisa na kuchutama apigwe picha naye. Kasa akasimama, akageuka, akarudi baharini bila kutaga hata yai moja. Na yule bwana, bila haya, akasema kasa hana neno, atarudi kesho.

Hana neno? Kasa jike huchukua miaka ishirini, thelathini, pengine zaidi, kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Anapopanda ufuoni ndipo anapokuwa mwoga kuliko wakati wote. Mwanga au mtu akitembea mbele yake vinatosha kumrudisha. Akishaanza kutaga hutulia kidogo, na hapo unaweza kukaa nyuma yake, kimya, ukatazama. Akifukuzwa mara kwa mara huweza kuishia kuyamwaga mayai majini, na hayo yamepotea. Shimo moja la kasa hubeba mayai mia na zaidi. Hiyo ndiyo hasara ya picha ya simu ambayo hata haikutoka vizuri.

Na madhara ya taa hayaishii kwa mama. Vifaranga hutoka mchangani baada ya takriban miezi miwili, mara nyingi usiku, na hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa asili ni bahari. Ukiwasimamishia tochi au taa za hoteli upande wa nchi kavu, wanapanda juu badala ya kushuka, na asubuhi wanakutana na jua, kaa na kunguru.

Kinachoniuma zaidi ni wavuvi wetu. Tangu miaka ya 1990 kuna mpango Watamu ambapo mvuvi akinasa kasa bila kukusudia huwapigia simu wahifadhi, kasa anapimwa na kuachiliwa, na mvuvi anapewa fidia ndogo. Mjomba wangu ni mmoja wao. Anapoteza muda wa kazi na wakati mwingine wavu unachanika, lakini anapiga simu. Sasa kasa aliyeokolewa mchana na mzee wa watu anakuja kufukuzwa usiku na mtu mwenye tochi, mzaliwa wa hapa hapa!

Najua watakuja wa kusema vijana watafute riziki. Watafute. Sipingi wageni kuonyeshwa kasa, napinga namna. Kundi liwe dogo, tochi iwe na mwanga mwekundu na itumike kwa nadra, simu zibaki mfukoni, na mngoje hadi aanze kutaga, mkiwa na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) au watu wanaolinda viota. Wageni wangu wangelipa hata zaidi kwa utaratibu huo. Badala yake mmoja wao aliniuliza njiani kama hapa Kenya kasa hawalindwi na sheria. Wanalindwa, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ipo. Nilimjibu hivyo, na aibu niliyoipata mbele yake bado ninayo.

Wenye hosteli nanyi mnahusika. Matangazo ya safari hizi yamebandikwa mapokezi kwenu na baadhi yenu mnakula kamisheni. Yabandueni leo.

Ujumbe wa malipo ninao, namba ya aliyepokea ninayo, na Jumatatu asubuhi navipeleka ofisi ya KWS. Jina lake silitaji hapa. Aliyekuwa kwenye kundi lile na ana video anitumie inbox, nataka niende na ushahidi kamili. Na kama wewe pia umepelekwa safari ya namna hii, Malindi, Mambrui au hata Lamu, andika hapa chini ilikuwaje.