Mashindano ya magari ya farasi Hungaria: mshindi anapatikanaje?

Mgeni_wa_Puszta:
Wakuu, habari zenu. Niko Hungaria kimasomo, mwaka wa pili. Jumapili wenzangu wa darasani walinipeleka kuangalia magari ya farasi, farasi wanne kwa gari moja. Nilidhani ni mbio, kumbe yanaingia moja moja na kupita katikati ya koni. Mpira uliowekwa juu ya koni ukidondoka, uwanja mzima unaguna. Mzee jirani yangu alitokwa machozi. Anashindaje mtu hapa? Na mbona wanalichukulia kwa uzito hivi?

Shangazi_Hatamu:
Karibu mdogo wangu. Wewe ulikuta siku ya mwisho. Kwanza farasi hupimwa utii na mwendo mbele ya majaji. Halafu inakuja maratoni, yenye vizuizi vya mbao na maji, na kila sekunde ndani ya kizuizi ni adhabu ya pointi 0.25. Koni ndizo za kumalizia: mpira mmoja chini, adhabu ya pointi 3. Mwenye jumla ndogo ndiye bingwa.

Nilifanya kazi miaka minne kwenye zizi moja karibu na Kecskemét, nikisafisha matandiko. Waingereza huwavisha farasi wao kola nzito shingoni. Wahungari wanatumia mkanda mpana wa kifuani, na pembeni zinaning'inia sallang, ngozi iliyochanwa nyuzi nyuzi, inayocheza kila farasi anapopiga hatua. Nilizisafisha uzi mmoja mmoja, maana mzee mwenye zizi alizipitisha vidoleni kabla ya gari kutoka.

Nilipoomba kufundishwa kuendesha, mwezi mzima hakunipa farasi. Alinipa ubao wenye hatamu nne zilizofungwa vyuma vizito. Nikivuta moja kwa pupa, chuma kinagonga ubao, naye anasema: "Mdomo huo umeuumiza." Mpaka leo nikiona dereva anakata kona kali huku mikono yake imetulia, moyo wangu unajaa.

Babu_Telki:
Shangazi kasema kweli tupu. Mimi niongeze historia, maana naipenda sana. Kuna kijiji kinaitwa Kocs, kwenye njia ya Buda kwenda Vienna. Karne ya 15 mafundi wake walitengeneza gari jepesi la abiria, likaitwa kocsi kwa jina la kijiji. Waingereza wakalichukua neno kwa gari, baadaye wakampa mwalimu wa michezo, nasi tukalipokea: kocha! Kila tunapomlaumu kocha wa timu yetu, tunakitaja kijiji hicho.

Na hayo machozi yana sababu. Ubingwa wa dunia wa farasi wanne ulikwenda kwa Sándor Fülöp 1974, Imre Abonyi 1976, kisha György Bárdos 1978 na 1980. Mara nne mfululizo, Wahungari watupu. Mzee wa umri huo aliyaona kwa macho yake.

Mgeni_wa_Puszta:
Asanteni sana. Shangazi, kwenye video za maratoni kuna watu wamesimama nyuma ya gari, wanaegemea nje mpaka naogopa. Kazi yao nini?

Shangazi_Hatamu:
Uzito wao ndio unaozuia gari lisipinduke kwenye kona, na mmoja anamkumbusha dereva lango linalofuata ndani ya kizuizi. Mara nyingine nenda siku ya maratoni, usimame kwenye kizuizi cha maji. Utawasikia wanavyopaza sauti kabla hujaona farasi.