Gari-nyumba likiegeshwa nyumbani: soketi ya gereji, ya ampea 30 au ya ampea 50?

MwanaTanga_TX
Ndugu zangu, naomba ushauri wa wenye uzoefu. Tunaishi Texas, na majira ya joto yajayo wakwe zangu watakuja kukaa nasi kwa muda mrefu. Kwa kuwa nyumba ni ndogo, tumekubaliana kwamba watalala ndani ya gari-nyumba letu, yaani RV kama wanavyoita wenyeji wa hapa, ambalo litaegeshwa kando ya gereji, kiasi cha futi 60 kutoka kwenye bodi ya breka. Gari lina kebo ya ampea 30, kiyoyozi kimoja, maikrowevu na hita ya maji ya umeme. Naziona njia tatu: kutumia adapta na kuchomeka kwenye soketi ya kawaida ya gereji; kumwita fundi aweke soketi ya TT-30, ambayo inaingiliana moja kwa moja na plagi ya gari; au kuweka soketi ya 14-50 ya ampea 50 na kutumia adapta, ili siku tukinunua gari kubwa tusilazimike kuchimba upya. Ipi ni salama, na ipi ni kutupa fedha?

FundiWaya_Ohio
Nianze na soketi ya gereji, kwa sababu ndiyo inayowavutia wengi. Soketi hiyo huwa kwenye breka ya ampea 15 au 20 na hutoa volti 120. Ampea 15 ni sawa na wati 1,800, na kwa mzigo unaoendelea kwa saa tatu au zaidi, kanuni za umeme za Marekani zinataka ukomee asilimia 80 ya uwezo huo, yaani wati 1,440. Kiyoyozi cha gari cha BTU 13,500 peke yake hula ampea 12 hadi 15, na kinapoanza huvuta zaidi kwa muda mfupi. Ongeza hita ya maji, ambayo nayo hukaribia ampea 12, na utaona kwamba hesabu haikubali. Soketi hiyo inatosha kuchaji betri, kuwasha taa na kupoza friji kabla ya safari, lakini kumlaza mtu mzima humo wakati wa joto la Texas ni jambo jingine.

Breka kukatika si hatari, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Hatari iko kwenye waya mwembamba wa kuongezea urefu, ule wa rangi ya machungwa wa namba 16 (namba ikipanda, waya huwa mwembamba zaidi) unaouzwa kwa ajili ya mashine ndogo za bustani. Waya wa namba hiyo wenye urefu wa futi 50, ukipitisha ampea 13, hugeuza zaidi ya wati 60 kuwa joto, na joto hilo huwa kali zaidi ukiuacha umekunjwa. Chomoa plagi baada ya saa moja na uyatazame meno yake: ukiona plastiki imeanza kuwa ya kahawia kuzunguka jino moja, mguso umelegea hapo, na breka haina njia ya kulijua hilo.

Bi_Mshumaa
Nakubaliana na Fundi kuhusu gereji, ila kati ya TT-30 na 14-50 mimi naiogopa zaidi ile ndogo. TT-30 ina waya mmoja wa moto, nyutro na ethi, na hutoa volti 120 tu. Fundi wa majumbani ambaye hajawahi kuifunga husikia "ampea 30, matundu matatu", na mawazo yake yanakwenda kwenye soketi ya zamani ya mashine ya kukaushia nguo, 10-30, ambayo ina nyaya mbili za moto na volti 240. Basi anaweka breka pacha na kuunga nyaya mbili za moto. Ukichomeka gari hapo, chaja ya betri, maikrowevu na vifaa vya elektroniki vya kiyoyozi vinaungua papo hapo. Kosa hili limewapata wenye magari wengi mno, na baadhi ya waliolifanya ni mafundi wenye leseni. Soketi ya 14-50 kila fundi anaifahamu, kwa sababu ni ileile ya majiko ya umeme na ya kuchajia magari ya umeme.

Mkaaji_Dar
Samahanini, nauliza kutoka nje ya uwanja. Huku kwetu matundu matatu maana yake ni laivu, nyutro na ethi, na umeme wake ni volti 230. Fundi aliyejifunza kazi Dar au Nairobi akihamia huko, nadhani naye angeona volti 240 kwenye matundu matatu ni jambo la kawaida kabisa. Swali langu ni hili: ikiwa 14-50 ina volti 240, adapta inazuiaje gari la volti 120 lisiungue?

FundiWaya_Ohio
Swali zuri, mkuu. Nyumba ya Marekani huletewa nyaya mbili za moto pamoja na nyutro. Kati ya kila waya wa moto na nyutro kuna volti 120, na kati ya nyaya mbili za moto kuna volti 240. Soketi ya 14-50 ina matundu manne, yaani nyaya mbili za moto, nyutro na ethi, na adapta ya kushukia ampea 30 huchukua waya mmoja tu wa moto na kuuacha wa pili bila kazi. Kwa hiyo volti 240 hazifiki kwenye gari.

Dereva_Masafa
Bi Mshumaa, kwa heshima, hofu ya fundi asiyejua haitoshi kumfanya mtu anunue soketi asiyoihitaji. TT-30 inataka kebo ya shaba ya namba 10, ilhali 14-50 inataka namba 6, na kwa futi 60 tofauti ya bei itaonekana. Pia lazima ijulikane kama nyumba yenyewe ina nafasi: ikiwa huduma kuu, yaani umeme wote unaoingia nyumbani, ni ya ampea 100, na tayari kuna jiko la umeme na kiyoyozi cha nyumba nzima, fundi akipiga hesabu ya mzigo huenda akakataa kuongeza ampea 50. Adapta nayo ni kiungo kingine cha kulegea na kuchemka, kikilala nje kwenye mvua na vumbi.

MwanaTanga, mimi ningekushauri uweke TT-30 sasa, lakini uchimbe mara moja kwa ajili ya baadaye. Zika bomba la PVC kwenye kina kisichopungua inchi 18, na uchague bomba pana la kutosha kupitisha nyaya nne za namba 6. Siku ukinunua gari kubwa, utavuta nyaya mpya na kubadili breka na soketi bila kugusa jembe. Omba kibali cha manispaa kama kinahitajika, maana mkaguzi ni jicho la pili ambalo hulilipii sana.

Bi_Mshumaa
Wazo la bomba nalipokea, kaka. Lakini ikiwekwa TT-30, basi kabla ya gari kusogezwa karibu, pimeni kwa mita ya volti mbele ya fundi, kabla hajalipwa. Moto na nyutro: takriban 120. Moto na ethi: takriban 120. Nyutro na ethi: sifuri au karibu na sifuri. Mkiona 240 mahali popote kwenye TT-30, zimeni breka na msijadiliane naye. Na kila mara breka izimwe kwanza, plagi ichomekwe, ndipo breka iwashwe, ili cheche zisiyale meno ya plagi.

Kuhusu vifaa vya kulinda gari, msichanganye viwili hivi. Cha bei nafuu hupokea pigo la ghafla la radi na basi. Kile kinachoitwa EMS hupima umeme kwanza na kukataa kuupitisha ukiwa juu mno, chini mno, au ethi ikiwa haipo. Kwa gari ambalo wazee watalala ndani yake, mimi ningenunua hicho cha pili.

MwanaTanga_TX
Nawashukuru sana. Nimeshawishika na TT-30 pamoja na bomba pana, na EMS nitainunua. Limebaki moja: jirani ananiambia niunganishe nyutro na ethi ndani ya bodi ya gari, kama ilivyo kwenye bodi kuu ya nyumba, ili "ethi iwe na nguvu". Je, ni kweli?

FundiWaya_Ohio
Hapana, usiguse hapo kabisa. Nyutro na ethi hukutanishwa mahali pamoja tu, kwenye huduma kuu ya nyumba. Ukiziunganisha tena ndani ya gari, sehemu ya umeme unaorudi itapita kwenye ethi na kwenye chasisi, na kama nyutro ikikatika njiani, bati lote la gari linaweza kuwa na umeme. Anayesimama ndani hatahisi kitu. Atakayeumia ni yule aliye chini, miguu kwenye nyasi mbichi, anayeshika kitasa cha mlango. Ukishawasha, zungusha kalamu ya kupimia umeme karibu na kitasa, ngazi na ringi za magurudumu. Ikilia, zima breka, chomoa, na umwite fundi.

Tena, kwa soketi ya nje ya nyumba, mkaguzi wa eneo lenu anaweza kudai ulinzi wa GFCI, unaokata umeme ukivuja kwa kiasi cha miliampea 5 tu. Ikikatika mara tu unapochomeka, usiibadilishe kwa breka ya kawaida. Zima breka zote ndani ya gari kisha uwashe moja moja, ukianza na ya hita ya maji, kwa sababu koili yake iliyoliwa na kutu ndiyo huvujisha mara nyingi. Ikikatika hata breka zote za ndani zikiwa zimezimwa, kagua kama kuna mtu ambaye, kabla wewe hujalinunua gari, aliiunganisha nyutro na ethi kwenye bodi ya gari.