Pikapu 4x4: kusawazisha mbele tu au kunyanyua gari zima?

Mkokoteni

Wakuu, naomba ulinganisho kutoka kwa wanaoijua hii kazi. Gari ni Hilux ya kabini mbili, 4x4, koili mbele, springi bapa nyuma, tairi 265/65R17. Vipimo kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, tanki limejaa, bodi tupu: mbele kushoto mm 500, mbele kulia mm 494, nyuma mm 545 na 543. Siku za kawaida linabeba kilo 100 hivi za vifaa, mwisho wa wiki mzigo unafika 400. Njia ni lami nusu, nusu changarawe na makorongo.

Chaguo A: spesa (vipande vya kuongeza kimo) za mbele tu, mbele ipande hadi gari likae sawa.
Chaguo B: mm 50 pande zote, koili, springi na shokapu mpya.

Tairi natamani 265/70R17, ikiwezekana 285/70R17. Bampa ya chuma huenda ikaja baadaye. Lipi lifanyike?

Gandamizo

Mkuu, vipimo vya habu hadi madigadi ni vizuri kwa kulinganisha kabla na baada ya kazi, maana tairi haziviharibu. Ila havikuambii gari limeinama kiasi gani, kwa sababu uwazi wa madigadi ya mbele na ya nyuma haukatwi kwa kimo kimoja kiwandani. Egesha pa tambarare, upepo wa tairi uwe sawa, kisha pima kutoka sakafuni hadi chini ya chesisi, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele na mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Tofauti ya hapo ndiyo mwinamo wenyewe, na mara nyingi ni ndogo kuliko inayoonekana kwa macho.

Halafu pakia zile kilo 400, upime tena pale pale. Nyuma ikishuka mm 40, basi huo mwinamo ndio akiba ya mzigo wako. Ukiumaliza kwa spesa za mbele, Jumamosi gari litatembea pua juu: usukani mwepesi kupita kiasi, matairi ya mbele yanashika kidogo, na breki za mbele ambazo ndizo zinazofanya kazi kubwa zinakosa uzito. Chaguo A kamili ni la gari linalotembea tupu. Lako si hilo.

Spana_14

Kabla hujanunua chochote: unene wa spesa si kimo utakachopata. Kwenye wishiboni mbili (mikono ya juu na chini inayoshika gurudumu), shokapu imefungwa katikati ya mkono wa chini, siyo mwishoni kwenye gurudumu. Kwa hiyo spesa ya mm 25 juu ya strati (shokapu iliyovikwa koili) inainua gari karibu mara mbili yake, mm 45 hadi 50. Anayeweka spesa ya mm 50 akitegemea kupata mm 50 anaishia na karibu mm 100, na hapo buti (mipira ya kufunika) za sivi jointi, yaani viungo vya shafti za magurudumu ya mbele, zinachanika na bolijointi (kiungo cha mpira wa chuma) ya juu inafika mwisho wa pembe yake. Wauzaji wengine wanaandika unene, wengine wanaandika kimo kitakachopatikana. Pima kwa kalipa, usiamini kibandiko.

Hiyo tofauti ya mm 6 kushoto na kulia usiihangaikie bado. Tanki, betri na dereva havikai katikati ya gari. Ikibaki baada ya kazi, inaondolewa kwa spesa nyembamba ya mm 3 upande ulioshuka, kwa uwiano ule ule.

KoiliNne

Gandamizo unawatisha watu na spesa bure. Spesa ya juu ya strati haigusi ugumu wa koili, kwa hiyo gari linabaki laini kama lilivyotoka kiwandani. Kwa kuinua mm 20 hadi 25 tu mbele, yaani spesa ya mm 10 hadi 12, hakuna kinachoharibika na alaimenti (pembe za magurudumu) inarudi bila wishiboni mpya. Kazi ya nusu siku.

Gandamizo

Kwa mm 20 nakubaliana nawe kabisa. Ubishi wangu ni kwa mm 45. Spesa ya juu inasukuma strati nzima chini, kwa hiyo matatizo yanakuja pande zote mbili za mwendo. Gurudumu likining'inia, mkono unashuka kuliko kiwanda kilivyopanga: sivi inapinda zaidi na wishiboni ya juu inasogelea koili. Gurudumu likipanda juu kabisa, strati inaweza kufika mwisho wake ndani kabla mkono haujagota kwenye mpira wa chesisi. Hapo anayepokea pigo ni vali ya chini ya shokapu badala ya mpira.

Spesa inayoingia kati ya koili na kofia ya strati ni kitu kingine. Hiyo inakaza koili, urefu wa strati unabaki ule ule, ila inakula mshuko, yaani nafasi ya gurudumu kushuka. Dalili yake ni mlio wa "tak" kila gurudumu linapodondokea shimoni, maana shokapu inafunguka hadi mwisho. Koili ndefu kwenye shokapu fupi ya kiwandani inafanya vivyo hivyo.

Mama Difu

Kabla hamjaendelea na milimita: Mkokoteni unataka kupita makorongo au unataka muonekano? Maana A na B zote haziinui difu (kasha la gia katikati ya ekseli) ya nyuma hata milimita moja. Difu imo kwenye ekseli, ekseli imekaa juu ya tairi. Unachoinua ni chesisi, tanki, gearboksi na pembe za kuingia na kutoka korongoni.

Tairi ndiyo inayoinua difu, na inainua nusu tu ya tofauti ya kipenyo. Hesabu ni hizi:

265/65R17: kipenyo mm 776
265/70R17: mm 803, difu inapanda mm 13, mwendo halisi unazidi wa spidomita kwa takriban 3.4%
285/70R17: mm 831, difu inapanda mm 27, tofauti ya mwendo 7%

Kwa 285, spidomita ikikuonyesha 100 unakimbia kama 107, na gia zote zinakuwa nzito kwa kiasi hicho hicho ukiwa na kilo 400 mgongoni. Tena 285 haikwaruzi kwa sababu gari ni fupi. Inakwaruza gurudumu likiwa limekunjwa na limepanda juu kabisa, kwenye plastiki ya ndani ya madigadi na kwenye kona ya nyuma karibu na kifungio cha bodi. Kunyanyua kunapunguza idadi ya mara utakazofika hapo, hakuongezi nafasi iliyopo. Jaribu kwa kupandisha gurudumu moja juu ya kitu huku usukani umekunjwa hadi mwisho, siyo kwa kulitazama limeegeshwa.

265/70 inatosha. Spea nayo iwe kipenyo hicho hicho, na hakikisha inaingia chini ya bodi.

Mkokoteni

Nimeelewa Mama Difu, 285 naiacha. Sasa nyuma: kwenye B lazima springi mpya, au naweza kutumia bloku au shako ndefu (kiungo kinachoshika ncha ya springi kwenye chesisi)?

Bapa_Tisa

Nyuma ndiko wengi wanakoharibu, ngoja niliseme kwa urefu.

Shako ndefu: inainua ncha moja tu ya springi, kwa hiyo unapata nusu. Kupata mm 50 unahitaji shako iliyozidi kwa mm 100. Huo ni mguu mrefu unaoyumba kando kwenye kila kona. Pia inazungusha ekseli, pua ya difu inabadilika pembe. Zaidi ya mm 25 za kimo usiguse njia hii.

Bloku kati ya springi na ekseli: mm 50 ni mm 50 kamili, ulaini haubadiliki. Ubaya wake ni kwamba ukikanyaga mafuta ekseli inapata mkono mrefu wa kuipinda springi, nayo inajikunja umbo la S. Bloku hazipandishwi moja juu ya nyingine, na za mbao ni hatari tupu. Yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) ndefu mpya ni lazima, pamoja na kurefusha mpira wa kugotea kwa kiasi kile kile. Na bloku haiongezi hata kilo moja ya uwezo wa kubeba. Kwa kilo 400, springi ileile italala vilevile, ila kutokea juu zaidi.

Kuongeza bapa moja: mm 25 hadi 40, na nyuma inakuwa ngumu gari likiwa tupu. Kwa mzigo wa kudumu ni suluhisho zuri. Likiwa fupi na nene, nguvu zote zinaishia kwenye ncha yake, na bapa kuu linakatika hapo hapo baada ya muda. Tafuta lililo refu, lenye mkunjo unaofuatana na mengine.

Seti nzima mpya: ndiyo B halisi. Chagua kwa uzito unaokaa garini siku zote, kwako kilo 100, siyo kwa ule wa mwisho wa wiki. Ukichukua springi ya kilo 300 za kudumu, siku tano gari litakurusha kama mpira. Bapa za chini zilizonyooka ndizo zinazosubiri kilo 400. Na springi ngumu haibadilishi uzito ulioandikwa kwenye kibati cha gari. Ekseli, beringi na breki ni zile zile.

Shokapu za nyuma zipimwe ekseli ikining'inia: ukinyanyua mm 50 na kubakiza shokapu za kiwandani, zimeshafunguka mm 50 zaidi gari likiwa limesimama tu, na kitakachozuia ekseli kushuka ni shokapu, siyo springi. Hapo zinang'oka vifungio.

Toroli

Yote haya ni ya koili. Za tosheni baa (fimbo ya chuma inayojipinda badala ya koili) je? Si unakaza bolti tu?

Spana_14

Ndiyo, kwa zile za zamani kama Ranger za kabla ya 2011. Lakini kukaza bolti hakuifanyi baa kuwa ngumu zaidi, kunahamisha tu mahali gari linaposimama, na mshuko unaliwa vilevile. Nyanyua kwanza magurudumu yaning'inie, ndipo ukaze. Ukikaza likiwa chini unakula nyuzi za bolti. Zunguko sawa pande zote, shusha, sukumasukuma gari lilale, pima. Acha ukifika mm 25 hadi 30.

Mkokoteni

Naelekea B, ila mbele mm 50 na nyuma kama mm 30 ili mwinamo kidogo ubaki. Ninyi mnaonaje, na mbele naifungaje?

Gandamizo

Hiyo ndiyo hesabu ya gari lako. Bampa ya chuma ije kwanza au iamuliwe kwanza, maana koili ya mbele inachaguliwa kwa uzito. Koili iliyotengenezwa kwa bampa na winchi ukiifunga mbele pakiwa patupu, itapanda kuliko ilivyoandikwa na itakuwa ngumu kama jiwe.

Spana_14

Mbele, kwa ufupi:

Siku moja kabla, pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye bolti za kemu (zinazozungushwa kurekebisha alaimenti) za mikono ya chini. Zikiwa zimeshika kutu, alaimenti haitawezekana na kazi yote imekwama.

Chesisi juu ya stendi pande zote mbili, siyo jeki peke yake. Fungua linki za stabilaiza za pande zote mbili, tairodi, bolijointi ya juu, bolti ya chini ya strati, mwisho nati tatu za juu. Nati ya katikati ya strati USIIGUSE. Ndiyo inayoshikilia koili iliyokandamizwa, ikifunguliwa bila kibanio maalumu inaua mtu. Kubadilisha koili kunataka kibanio imara, au nunua strati iliyokwisha fungwa. Bolijointi ikiwa wazi, habu isining'inie kwenye paipu ya breki wala waya wa ABS. Ifunge kwa kamba.

Bolti zinazopita kwenye bushi za mpira usizikaze gari likiwa hewani. Ziache legevu, shusha gari, ndipo ukaze kwa spana ya toki. Ukikaza juu, bushi inabaki imejipinda siku zote na inachanika mapema.

Kabla ya kushusha, gurudumu likining'inia: angalia nafasi kati ya wishiboni ya juu na koili, kama mm 10 iwepo. Zungusha gurudumu kwa mkono usikilize sivi. Kunja usukani hadi mwisho huku na huku, paipu za breki zisivutike.

Kisha alaimenti. Kasta (mlalo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma) ndiyo inayopungua zaidi. Kwa mm 50, kemu huwa zinafika karibu na mwisho. Zikishindwa kuirudisha, gari linatangatanga barabarani na usukani haurudi wenyewe. Hapo ndipo wishiboni za juu mpya zinahitajika, siyo kabla.

KoiliNne

Na kishusha difu ya mbele? Seti nyingi zinakuja nacho.

Mama Difu

Kwa mm 50 si lazima kama sivi hazilalamiki. Kinapunguza pembe, sawa, lakini kinakunyang'anya kimo cha chini ya difu ulichokitafuta.

Bapa_Tisa

Nyuma kuna viwili vinavyosahaulika. Yubolti za zamani hazirudi, zimeshavutika. Kaza mpya kwa msalaba, rudia baada ya kilomita 500.

Cha pili ni vali ya breki inayosoma mzigo, kama gari lako linayo: kijiti kinachotoka chesisi hadi ekseli. Ukinyanyua nyuma, vali inadhani gari ni tupu kabisa na inapunguza presha ya breki za nyuma, hata ukiwa na kilo 400. Inua kishikizo cha kijiti kwenye ekseli kwa kimo kile kile ulichonyanyua, mm 30 kwako. Propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma) ya vipande viwili ikianza kutetemeka wakati wa kuondoka, beringi ya katikati inashushwa kwa washa nene. Chukua pembe za propela kabla ya kufungua chochote ili ujue pa kurudi.

Gandamizo

Na taa. Kwa umbali wa mm 3,085 kati ya ekseli, kama wa Hilux ya kabini mbili, kila mm 20 mbele ikipanda kuliko nyuma mwanga unapanda kama sm 6.5 kwenye ukuta ulio mita 10. Kwa A ya mm 45 ingekuwa karibu sm 15, unawapofusha wote wanaokuja. Zishushe jioni ile ile, ukiwa na kilo 100 zako bodini na mtu kwenye kiti cha dereva.