Gumzo la ukoo wa Bibi Pongwe

Mama Mwana: Asalaam alaykum. Tumerudi salama na Mwana kutoka Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar. Saratani yake ya mfupa, uvimbe wa mapafuni umeongezeka, daktari anasema dripu za saratani hazitamsaidia tena. Tumepewa morfini ya maji na barua ya tiba shufaa hapa Tanga, yaani ya kumtuliza maumivu na kumfariji.

Mjomba: Waalaykum salaam. Pole sana dada. Lakini morfini si dawa ya mtu wa kuaga? Mtoto atazoea awe teja. Tuiweke kwanza, apewe akizidiwa.

Shangazi Korogwe: Hata mimi naogopa. Huku kuna mzee wa miti shamba, watu wanamsifu.

Dada Nesi: Shikamooni wakubwa zangu. Mjomba, naomba nikupinge kwa heshima. Kungoja azidiwe ndiko kunakomtesa. Maumivu ya saratani ya mfupa hayaondoki yenyewe, dawa ikiisha mwilini yanarudi. Ndiyo maana inafuata saa: 12 asubuhi, 4, 8, 12 jioni, halafu saa 4 usiku dozi mbili kwa pamoja ili alale mpaka asubuhi. Siku za mwanzo atasinzia, kisha inapungua. Choo kitakuwa kigumu, kwa hiyo dawa ya kulainisha anywe kila siku, asingoje kufunga.

Dada Nesi: Na kuhusu uteja: kule Uganda Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa, shirika la tiba shufaa, mwaka 1993, wakawa wanachanganya unga wa morfini na maji, mgonjwa anakunywa nyumbani kwake. Tangu 2004 hata manesi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuwaandikia wagonjwa morfini. Anayeinywa kwa maumivu, kwa kipimo alichopewa, si teja. Ni mtu anayeweza kukaa, kula na kuongea na wenzake.

Mjomba: Nimeelewa. Ila haya ya mapafu asiambiwe. Miaka 17 bado mtoto, atakata tamaa.

Mwana: Shikamooni. Mjomba, mimi nimo humu tangu Idi, mama aliniunga.

Mwana: Picha ya mapafu niliiona mezani kwa daktari. Nilijua kabla ya mama. Kinachoniumiza ni mkiongea mlangoni kwa sauti ndogo, nikitokea mnanyamaza. Daktari akija, naomba aniulize mimi pia.

Mwana: Na wageni wanaolia wakiniona mguu, walie kwanza huko nje. Nawataka wenzangu wa Form Four. Hawaji, nadhani wameambiwa wasinisumbue. Hawanisumbui. Usiku ndio mbaya, mama akilala nabaki nawaza peke yangu.

Mama Mwana: Niamshe mwanangu. Saa yoyote.

Mjomba: Mwana, nimesoma yote. Niwie radhi. Wenzako nitawafuata mwenyewe.

Shangazi Korogwe: Mwanangu weee. Basi dawa ya mzee niilete au nisiilete?

Dada Nesi: Usiilete shangazi. Miti mingine inaumiza ini na figo, na hatutajua kimemdhuru nini. Wewe njoo ulale naye usiku, umsomee dua akipenda. Hiyo nayo ni tiba shufaa, si vidonge tu.

Mwana: Napenda. Shangazi anajua hadithi za bibi.

Mama Mwana: Nesi, pumzi zikimbana usiku nifanyeje? Na nyonga inamuuma hata akigeuka.

Dada Nesi: Mkalishe kwa mito, fungua dirisha, upepo umpige usoni. Feni ndogo inatosha, umeme ukikatika hata kipepeo cha ukindu. Morfini yenyewe pia hupunguza kule kuhema. Nyonga tutamuuliza daktari habari ya mionzi, maana maumivu ya mfupa mara nyingi hupungua kwa mionzi ya mara moja tu. Ila itabidi kurudi Dar. Mwana, safari ile unaiweza? Uamuzi ni wako na mama.

Mwana: Nipe mpaka Jumapili nifikirie.

Dada Nesi: Sawa mdogo wangu. Mama Mwana, kila dozi iandike kwenye daftari na saa yake. Maumivu yakirudi kabla ya saa, usikae nayo, nipigie. Ukiona kalala sana, haamshiki au anapumua polepole mno, usimpe dozi inayofuata, nipigie hapo hapo.

Mjomba: Nimepata bajaji. Ijumaa baada ya sala, wanafunzi watatu. Mwana, nitumie majina yao nikaongee na wazazi.

Mwana: Ni watano mjomba. Nakutumia sasa hivi.

Mjomba: Bajaji mbili basi.