Nimetozwa fedha za presi Tabora, kumbe beringi imeshindiliwa kwa nyundo

Wakuu, heshima kwenu. Gari langu ni Subaru Forester ya mwaka 2004, na kwa muda wa miezi miwili gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa likiunguruma kuanzia mwendo wa kilomita 60 kwa saa, sauti ikizidi kila nilipokata kona ya kulia, kwa sababu hapo uzito wa gari huegemea upande wa kushoto. Nililipeleka gereji moja hapa Tabora mjini, nikanunua beringi mpya na sili zake, nikalipa shilingi 70,000 za ufundi na 20,000 nyingine ambazo fundi aliziita za presi, yaani mashine ya kusukumia beringi mahali pake bila kuigonga.

Presi yenyewe haikuwepo. Niliporudi kutoka kula nilimkuta kijana wake anaishindilia beringi kwa nyundo, tena akigonga ringi ya ndani, ilhali beringi inapoingizwa kwenye nyumba yake, yaani chuma kinachoibeba, husukumwa kwa ringi ya nje. Ukigonga ya ndani, pigo lote hupitia kwenye roli, vile vyuma vidogo vinavyozunguka kati ya ringi mbili, na kuacha vishimo ambavyo jicho halivioni, na beringi ya namna hiyo imekufa kabla haijazunguka hata mara moja. Nilipouliza nikajibiwa, “Mzee wangu, sisi tunafunga hizi tangu enzi za Peugeot 504.” Kijana mwenyewe hajafika miaka 25.

Ringi ya zamani iliyogoma kwenye habu, kile chuma kinachofungwa gurudumu, ilikatwa kwa grenda, na jiwe la grenda likachimba palepale ambapo ringi mpya hutakiwa kukaa kwa kubana. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba gari lilishushwa kwenye jeki nati ya ekseli ikiwa bado imelegea, ndipo ikakazwa kwa bomba refu na nguvu za watu wawili. Mtengenezaji anaonya wazi kwamba nati hiyo ikazwe kabla tairi halijagusa ardhi, kwa spana ya kipimo, kwa nguvu ya takribani niutonimita 190, na iwe nati mpya, kwa kuwa ukingo wake hupondwa ili isijifungue. Mimi nilirudishiwa ileile iliyokwisha kupondwa.

Siku ya kumi na moja, nikitoka Urambo, muungurumo ulirudi mkubwa kuliko mwanzo, gurudumu likawa linacheza na habu haishikiki kwa joto. Fundi ananiambia spea za siku hizi ni feki. Feki zipo, sikatai, lakini duka lile alinielekeza yeye.

Ninadai nirudishiwe 20,000 ya presi na nilipwe habu iliyochimbwa. Mwenye kujua karakana yenye presi halisi, hapa au hata Nzega, anielekeze. Nyumba ya beringi nitaivua mwenyewe na kuipeleka, na safari hii sitaondoka kwenda kula.