Naombeni ushauri: mtindo wa kuchora una mwenyewe?

PenseliButu (mleta uzi): Habari za jioni wakuu. Niko Mbeya, Mwanjelwa, nachora picha za vitabu. Nilipita chuo cha sanaa Bagamoyo. Kuna mzee alikuwa anatufundisha kuchora kwa wino, tulimpenda na tulimwogopa. Manila moja kwa wiki, ukiharibu geuza nyuma. Kifutio alikuwa anakiita uvivu. Jioni anatusimulia wachoraji akina Elias Jengo na Sam Ntiro, jinsi Ntiro alivyotoka kwenye brashi za Makerere hadi kuwa balozi wetu London, mpaka unalala ukijiona na wewe balozi. Sasa nimepata kazi ya kitabu cha watoto, picha 24, na kila nikichora unatoka mkono wa mzee. Kisheria mtindo una mwenyewe? Silali.

MamaParachichi: Mwanangu, achana na wino. Shemeji yangu alikuwa anachora mabango ya saluni pale Kabwe, leo ana parachichi Rungwe na hamuulizi mtu kitu.

MkongweSisimba: Enzi zetu gazeti la katuni la SANI tulikuwa tunaazimana darasa zima. Ikifika zamu yako Ndumilakuwili hana kichwa, ukurasa umeshachanwa. Swali lilikuwa nini vile?

WakiliJiko: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi iliyochorwa, hailindi mtindo wala wazo. Kazi inalindwa maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo. Edward Tingatinga alifariki 1972, na mpaka leo pale Oysterbay watu wanachora mtindo wake na wanakula. Ila umeandika "alikuwa". Mzee yu hai? Na ni mtindo tu, au kuna mchoro?

PenseliButu: Asante wakili, umenitua mzigo. Yu hai, yuko kwao Tukuyu. Ni mtindo tu, kwa kiasi kikubwa.

Mchokonozi: "Kwa kiasi kikubwa" ndiyo nini? Tapika yote.

PenseliButu: Haya. Kuna kobe mwenye mwavuli. Mzee akikasirika hagombezi, anamchora pembeni ya ubao, darasa linanyamaza lenyewe. Hakuwahi kumchapisha popote. Daftari la kobe niliazima 2014, sijarudisha. Ndiye mhusika mkuu wa kitabu. Lakini wakuu tuelewane: mzee kapooza mkono wa kulia, hachori tena. Kobe afie daftarini? Halafu malipo ya awali nimeshalipia kodi ya nyumba, na picha 17 zimekamilika.

MamaParachichi: Mwe! Kumbe ushauri unao, ulikuwa unatafuta wa kukupigia makofi.

WakiliJiko: Basi futa niliyosema mwanzo. Kobe ni kazi yake, achapishe asichapishe. Na wale wa Tingatinga aliwafundisha mwenyewe, wengi ndugu zake, wakichora mbele ya macho yake.

PenseliButu: Na mimi alinifundisha mwenyewe!

WakiliJiko: Na daftari alikupa mwenyewe?

DerevaKasumulu: Mimi niliazima spana kwa mzee mmoja pale Uyole, akafariki ikiwa kwangu. Mpaka leo kabla sijagusa nati namsalimia kwanza.

FundiMashaka: Wakuu, hii chai. Mara "alikuwa", mara yu hai, mara kobe, mara kapooza. Wiki ijayo mtaletewa namba ya kuweka oda. Hili ni tangazo la kitabu.

Mchokonozi: Tena chai yenye tangawizi. Leta picha.

MkongweSisimba: Kitabu chenyewe bei gani?

PenseliButu: Jamani siuzi chochote. Kobe huyu hapa. *(picha)*

NilikaaNyuma: Si chai. Nilikuwa darasa hilo, kobe namjua. Ila mwavuli wa mzee ulikuwa na tundu, na tone moja linamdondokea puani. Hapa tundu limeenda wapi?

PenseliButu: Mchapishaji alisema watoto watadhani nimekosea.

NilikaaNyuma: Kobe anachekesha kwa sababu ya lile tone, ndugu yangu.

DerevaKasumulu: Kesho alfajiri napita Tukuyu. Nafasi ya mtu mmoja ipo, nakupakia Uyole. Njoo na daftari.

MamaParachichi: Ukifika huko niulizie bei ya miche.